Ripoti ya mauzo haijaingia kwenye grupu: pa kuanzia kutafuta

Simu za namna hii huniingilia kati ya saa 2 na saa 3 usiku, maduka ya Ngamiani, Tanga, yakishafungwa. "Kijana wangu, leo sijaona hesabu." Mwenye duka yuko nyumbani kwake Makorora, ameshakula, ameshika simu anasubiri ujumbe mmoja tu: mauzo ya leo ya Tanga mjini, Muheza na Korogwe. Ujumbe haupo. Au upo, lakini namba haifanani na pesa iliyohesabiwa kaunta.

Nimeandika haya kwa ajili ya fundi mwenzangu, au kijana wa dukani aliyekabidhiwa mfumo na hana wa kumuuliza usiku ule. Mifano yangu ni ya kanzidata (hifadhi ya kumbukumbu za mauzo) ya MySQL na grupu la Telegram, kwa sababu ndivyo ilivyo kwa maduka mengi ninayoyahudumia. Telegram imeruhusu boti, yaani akaunti inayoendeshwa na programu, tangu mwaka 2015, na boti huandika kwenye grupu bila malipo. WhatsApp ndiyo iliyozoeleka zaidi, lakini njia yake rasmi ya kutuma ujumbe kwa programu ina masharti na gharama, na wanaopitia njia za vichochoroni hatimaye namba yao hufungiwa. Anayetumia Slack atakuta dalili ni zilezile, ila majibu ya makosa yameandikwa kwa namna nyingine.

Jambo moja nilishike tangu mwanzo. Ripoti ambayo haikufika inaonekana kwamba haikufika. Mtu atapiga simu. Ripoti iliyofika na namba mbovu haipigiwi simu. Mwenye duka ataagiza saruji kwa namba hiyo, atamuuliza msichana wa kaunta pesa imekwenda wapi kwa namba hiyo. Kwa hiyo sehemu ya namba mbovu nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, na nakuomba usiiruke hata kama shida yako ya leo ni ujumbe kutofika.

Kwanza jua safari imekatikia wapi

Mauzo hutoka kaunta, yakaingia kwenye kanzidata, skripti (programu fupi ya ripoti) ikayasoma na kuyajumlisha, intaneti ikayabeba, grupu likayapokea. Usiguse boti kabla hujajua ni kituo gani kimekatika. Vipimo ni vitatu na havizidi dakika tano.

Cha kwanza: fungua kanzidata, endesha swali lenyewe la SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata, kwa mkono. Namba ikitoka, kanzidata haina kosa.

Cha pili: endesha skripti kwa mkono, kwenye kompyuta ileile, kwa mtumiaji yuleyule anayeiendesha kila siku. Ukiiendesha kwa akaunti yako ya fundi ikafanya kazi, hujapima kitu, maana ruhusa zako si ruhusa zake.

Cha tatu: tuma neno moja bila skripti wala kanzidata, kwa amri ya curl, ukiweka tokeni (nywila ya boti) na namba ya grupu lako.

`curl -s "https://api.telegram.org/bot<TOKENI>/sendMessage" -d chat_id=-100xxxxxxxxxx -d text=jaribio`

Jibu likianza na `"ok":true` na neno "jaribio" likaonekana kwenye grupu, njia yote ya nje ni salama, rudi ndani. Likiwa `"ok":false`, lisome hadi mwisho. Telegram hueleza sababu kwa maneno pale pale, na mafundi wengi tunapoteza usiku kwa sababu skripti ililitupa jibu hilo bila kuliandika popote. Kama skripti yako haihifadhi jibu kwenye faili la kumbukumbu, anza kwa kuiongezea mstari huo leo, hata kabla ya kutafuta kosa.

Hakuna kilichoingia kabisa

Sababu ninayoikuta mara nyingi kuliko zote haihusu programu. Kompyuta imezimwa. Ripoti imepangwa saa 2 usiku, duka linafungwa saa 1 na nusu, na dada wa kaunta anazima kila kitu kwa sababu alifundishwa kuzima, hasa masika umeme unapochezacheza. Muulize kwa upole, "Dada, jana mlizima kompyuta saa ngapi?" na asijione anashtakiwa. Kama ni laptopu, uliza pia kama hufunikwa. Ikifunikwa inalala, na iliyolala haitumi.

Dawa yake si kumwambia aiache ikiwaka. Funga ripoti kwenye tendo badala ya saa: akibonyeza "funga siku", ripoti iondoke. Kama duka lina uwezo, kanzidata na skripti vikae kwenye seva ya kukodi isiyotegemea umeme wa Barabara ya 12.

Kompyuta ikiwa ilikuwa inawaka, tazama kipanga kazi. Kwenye Windows kuna mitego miwili: kazi imewekwa iende pale tu mtumiaji anapokuwa ameingia kwa nywila yake, na sehemu ya folda ya kuanzia imeachwa wazi, hivyo skripti haioni faili lake la mipangilio. Kwenye Linux, cron (kipanga kazi chake) haijui njia zile ambazo wewe unazijua ukiwa umeingia, kwa hiyo andika anwani kamili ya kila programu. Na alama ya asilimia ndani ya mstari wa cron husomwa kama mwisho wa mstari. Ukiitumia kutengeneza tarehe ya jina la faili, tanguliza `\` mbele yake. Hii ya asilimia imeshawalaza macho watu wengi, kwa sababu amri ileile ukiichapa kwa mkono inakwenda vizuri kabisa.

Skripti ikianza lakini ikaanguka kwenye kanzidata, MySQL hutoa namba. 1045 maana yake jina au nywila imekataliwa, mara nyingi mtu amebadilisha nywila ya mfumo bila kukumbuka skripti. 2002 kwa kawaida maana yake huduma ya MySQL haijawaka kwenye mashine hiyo. 2003 maana yake seva haikufikika kupitia mtandao, mara nyingi kwa kuwa iko mashine nyingine: ruta, au anwani ya seva imebadilika baada ya ruta kuzimwa na kuwashwa.

Ikianguka kwenye intaneti, curl nayo ina namba zake. 6 ni jina la seva halikupatikana, yaani mtandao haupo au bando limekwisha. 28 ni muda umekwisha kabla ya jibu, mtandao upo lakini unavuta miguu. Na 60 inasema cheti cha usalama hakikubaliki. Hiyo 60 nataka nikae nayo kidogo.

Niliitwa dukani baada ya umeme kukatika usiku kucha. Intaneti ilikuwepo, simu zote zinafungua mitandao, lakini skripti inaleta 60. Nikatazama pembeni ya skrini chini kulia: mwaka 2009. Betri ndogo ya bapa iliyo ndani ya kompyuta, ile ya CR2032, ilikuwa imekwisha, na kila umeme ukikatika saa ya mashine inarudi ilikotoka kiwandani. Cheti cha usalama kina tarehe ya kuanza na ya kwisha; kwa kompyuta inayodhani ni 2009, cheti cha leo bado hakijaanza. Tulibadilisha betri, tukarekebisha saa, ujumbe ukaenda.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Dada alikuwa ameshauza tangu asubuhi, na risiti zote zile zimeingia kwenye kanzidata kwa tarehe ya 2009. Zisingeonekana kwenye ripoti ya leo wala ya mwezi. Ukikutana na betri iliyokufa, usiondoke kabla ya kuuliza:

`SELECT COUNT(*) FROM mauzo WHERE muda < '2015-01-01';`

Kwa duka lililofunguliwa juzi, jibu lolote zaidi ya sifuri ni mauzo yaliyopotea njia.

Zikibaki namba za Telegram yenyewe, ziko chache. 401 ni tokeni mbovu: imebatilishwa, au imenakiliwa vibaya. 404 mara nyingi ni anwani imeandikwa vibaya, na kosa la kawaida ni kusahau neno "bot" linalotangulia tokeni bila nafasi katikati. 403 ni boti imetolewa kwenye grupu. Kuna mtu aliona mwanachama asiyemfahamu akamwondoa, na hakufanya vibaya, ila mrudishe. 400 yenye maneno "chat not found" ni namba ya grupu imekosewa, na hapo tazama alama ya kutoa mwanzoni. Namba za magrupu huanza na `-`, na aliyeinakili kwa haraka huiacha.

Kuna 400 nyingine inayosema grupu "was upgraded to a supergroup chat". Hii hutokea ghafla kwenye mfumo uliotulia miezi. Msimamizi amebadilisha mpangilio fulani, mathalani kuruhusu wanachama wapya waone jumbe za zamani, na Telegram ikalipandisha grupu daraja na kulipa namba mpya inayoanza na -100. Namba hiyo mpya imo ndani ya jibu lenyewe, kwenye `migrate_to_chat_id`. Inakili, iweke kwenye mipangilio, umemaliza.

Inafika, ila saa za ajabu

Kosa hili linaota penye lugha mbili za saa. Mwenye duka anasema "saa 2 usiku". Sisi tunahesabu kuanzia jua kuchwa. Kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa 2 usiku kwake ni 20:00. Fundi akiwa na haraka anaandika 2, na cron haina namna ya kujua alikusudia nini.

Saa ambayo ripoti imefika inakuambia kosa ni lipi bila kufungua chochote. Ikiingia saa 8 usiku, uliandika 2 badala ya 20 na mashine iko kwenye saa ya Afrika Mashariki. Ikiingia saa 11 alfajiri, uliandika 2 na seva iko kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo saa tatu nyuma yetu. Ikiingia saa 5 usiku, uliandika 20 vizuri lakini seva iko kwenye UTC.

Na hizo mbili za kwanza huja na dalili ya pili: mauzo ni sifuri. Siku imeshageuka, skripti imeulizwa mauzo ya "leo", na leo duka halijafunguliwa. Ukiona sifuri, angalia kwanza ujumbe umeingia saa ngapi kabla ya kuilaumu kanzidata.

Seva ya Linux rekebisha kwa `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, kisha iwashe upya huduma ya cron, maana bila hivyo itaendelea kushika saa ya zamani. Tanzania haisogezi saa kwa misimu, tuko +3 mwaka mzima. Kwa hiyo ndani ya SQL unaweza kutumia `'+03:00'` moja kwa moja. Mimi naipendelea kuliko jina la Dar es Salaam, kwa sababu kwenye MySQL ambayo haijapakiwa majedwali ya majina ya saa, `CONVERT_TZ` ikipewa jina hurudisha NULL, yaani tupu, bila kulalamika, na mauzo yote yanayeyuka.

Siku nyingine inakuja, siku nyingine haiji

Hapa usitafute mtandao kwanza. Tafuta kilichouzwa siku hiyo.

Kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi ambalo ripoti yake ilikosekana siku mbili au tatu kwa wiki, bila mpangilio tulioweza kuuona. Tuliweka tarehe zilizokosa upande mmoja na orodha ya bidhaa upande wa pili. Kila siku iliyokosa, lilikuwa limeuzwa bati lililosajiliwa kwenye mfumo kama `BATI_G28`. Kistari kile cha chini ndicho kilichokuwa kinaua ujumbe. Skripti ilikuwa inatuma kwa mtindo wa Markdown, ambamo kistari cha chini maana yake ni "anza maandishi ya mlalo", na Telegram ikasubiri kistari cha kufunga ambacho hakikuwepo. Ikarudisha 400, "can't parse entities". Siku ambazo bati hilo halikuuzwa, hakuna kistari, ujumbe ukapita.

Kwenye MarkdownV2, toleo lake jipya, hali ni kali zaidi: hata nukta, mabano na alama ya kutoa lazima zitanguliwe na `\`. Jumla ya shilingi yenye nukta ndani yake inatosha kukwamisha ripoti nzima. Ushauri wangu ni kutumia mtindo wa HTML, ambao unakutaka ubadilishe alama tatu tu, `&`, `<` na `>`, au kutuma maandishi matupu. Mwenye duka anataka namba iliyo sahihi. Herufi nzito ataishi bila hizo.

Sababu ya pili ya ripoti kuja na kutokuja ni urefu. Ujumbe mmoja wa Telegram haupiti herufi 4,096. Siku ya kawaida orodha ya bidhaa inaenea. Mwisho wa mwezi, au wiki ya kuelekea Idd, haienei, na jibu ni "message is too long". Tuma muhtasari wa mistari michache kwenye ujumbe, na orodha ndefu iende kama faili. Boti inaruhusiwa faili hadi MB 50, na hakuna duka la Tanga litakalofika huko kwa ripoti ya siku.

Ya tatu ni 429, umetuma nyingi kwa haraka. Kwenye grupu moja boti haipaswi kuzidi jumbe 20 kwa dakika. Skripti inayotuma ujumbe kwa kila risiti itagonga ukuta huo asubuhi ya kwanza yenye wateja. Jibu huwa na `retry_after`, idadi ya sekunde za kusubiri; isomwe na iheshimiwe.

Imefika kwa wakati, lakini namba si yenyewe

Chukua daftari. Nasema daftari la karatasi, lile la kaunta, kama bado lipo, na katika maduka mengi ya Ngamiani bado lipo. Keti na aliyeliandika.

Mzee mmoja alinipa shikamoo yangu marahaba, akaniwekea daftari juu ya kaunta bila neno lingine. Kwenye grupu: jumla 4,615,000. Kwenye daftari: 4,275,000. Tukahesabu risiti. Yeye 41, mfumo 41. Hakuna iliyozidi wala iliyopungua, ila mfumo una 340,000 za ziada. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, akasimama. "Hii hapa. Mifuko 20 ya saruji, elfu 17 kila mmoja. Laki tatu na arobaini." Akafikiri. "Huyu alilipa mara mbili. Laki mbili mkononi, iliyobaki akarusha kwenye lipa namba."

Hapo kosa lilikuwa limeshajitaja. Jedwali la `mauzo` lina mstari mmoja wa risiti hiyo, 340,000. Jedwali la `malipo` lina mistari miwili, 200,000 na 140,000. Aliyeandika swali la SQL aliyaunganisha majedwali hayo mawili kwanza, ndipo akajumlisha safu ya jumla ya `mauzo`. Risiti ikaja mara mbili, moja kwa kila malipo, na 340,000 ikahesabiwa mara mbili. Wateja 40 waliolipa kwa njia moja hawakuonyesha dosari yoyote. Mfumo ule ulikuwa umefanya kazi miezi, na kila mteja aliyegawa malipo alikuwa ameiongezea ripoti pesa isiyokuwepo.

Dawa: jumlisha kila jedwali peke yake, kisha ndipo uunganishe matokeo.

`SELECT m.risiti, m.jumla, p.kilicholipwa FROM mauzo m LEFT JOIN (SELECT risiti, SUM(kiasi) AS kilicholipwa FROM malipo GROUP BY risiti) p ON p.risiti = m.risiti;`

Kutoka siku ile nikajiwekea njia ya kusoma tofauti yenyewe kabla ya kusoma msimbo. Chukua namba ya grupu, toa ya daftari. Tofauti ikiwa sawa na risiti moja, au jumla ya risiti chache, kuna kurudia. Sasa gawanya moja kwa nyingine: ukipata 1.18, unaangalia VAT. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, kwa hiyo bidhaa ya 1,000,000 kabla ya kodi inasomeka 1,180,000 pamoja na kodi. Mmoja anasoma safu iliyo na kodi, mwingine isiyo nayo. Kama duka linauza pia bidhaa zisizotozwa VAT, mgawanyo hautakuwa 1.18 kamili, utakuwa chini kidogo, na hilo nalo ni alama.

Tofauti ikiwa ndogo na ripoti ndiyo iliyozidi, tazama risiti zilizofutwa. Mfumo mwingi haufuti mstari. Unaandika tu kwenye safu ya hali kwamba imefutwa. Swali lisilochuja hali hiyo linahesabu na mauzo yaliyorudishwa. Hapa ndipo ripoti ya Z ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, inapokusaidia kama shahidi wa tatu, maana nayo inatoa jumla ya siku kwa njia yake.

Ripoti ya mwezi ikipungua na za siku ziko sawa, soma namna ulivyoandika mipaka ya tarehe. `BETWEEN '2025-03-01' AND '2025-03-31'` kwenye safu yenye tarehe na saa huishia usiku wa manane wa kuamkia tarehe 31. Siku nzima ya mwisho inabaki nje, na siku ya mwisho wa mwezi kwa kawaida si siku ndogo. Andika hivi:

`WHERE muda >= '2025-03-01' AND muda < '2025-04-01'`

Biashara isiyolala, kama kituo cha mafuta cha barabara ya Segera, ina lake. Kanzidata ikiwa kwenye UTC, mafuta yaliyouzwa kati ya saa 6 na saa 9 usiku huandikwa jana. Kila siku inaazima mauzo ya kesho na kuikopesha jana, jumla ya mwezi inakaribia kuwa sawa, na hakuna siku hata moja iliyo sahihi. Kwenye MySQL, safu ya aina ya TIMESTAMP hubadilika kufuata saa ya anayeisoma, ile ya DATETIME hubaki kama ilivyoandikwa. Jua unayo ipi kabla hujabadilisha saa ya seva.

Sasa Muheza. Tawi lina kompyuta yake na kanzidata yake, mauzo yanapanda kwenye seva kila mtandao unapokuwepo. Siku mtandao ukikatika saa 7 mchana, ripoti ya saa 2 usiku itaonyesha Muheza imeuza nusu siku. Usiku mtandao unarudi, mauzo yanapanda na tarehe yake halisi, yaani ya jana. Ripoti ya leo haiyaoni, kwa sababu inauliza ya leo. Ripoti ya jana imeshapita. Hayataonekana kwenye ujumbe wowote wa siku, na msimamizi wa Muheza ataitwa aeleze kwa nini mauzo yameshuka. Nimeona mtu mwaminifu akiwekwa kwenye kiti hicho, akiapa mbele ya watu, na kosa lilikuwa la mtandao. Hilo ndilo lililonifanya nibadilishe sura ya ripoti zangu zote.

Kila tawi sasa lina mstari wa namna hii:

`Muheza: 1,120,000 | risiti 17 | ya mwisho saa 7:42 mchana`

Mwenye duka akisoma "ya mwisho saa 7:42 mchana" anajua mwenyewe kwamba mauzo ya mchana hadi jioni hayajapanda, hana haja ya fundi kumwambia. Idadi ya risiti inamwezesha kulinganisha na tawi kwa simu moja. Chini yake naweka jana iliyohesabiwa upya, na kama imebadilika, naandika imebadilika kutoka ngapi kwenda ngapi.

Na siku isiyo na mauzo kabisa? `SUM` ya mistari isiyokuwepo hurudisha NULL, ambayo kwenye ujumbe inatokea kama nafasi tupu au neno la ajabu. Wengi huifunika kwa `COALESCE` ikawa 0 na kuendelea. Fanya hivyo, lakini tenganisha kwanza. Kama swali limejibiwa na hakuna risiti, andika "Leo hakuna mauzo". Kama swali halikujibiwa, andika "Ripoti imeshindwa kusoma mauzo", na utume. Sifuri isibebe maana mbili.

Imeingia mara mbili

Ama kazi imepangwa sehemu mbili, kompyuta ya zamani na mpya zote zikiwa hai, ama skripti ilituma, jibu likapotea njiani kwa mtandao dhaifu, ikadhani imeshindwa ikatuma tena. Ya kwanza unaizima upande mmoja. Ya pili huwezi kuizuia yote; ipe kila ripoti tarehe na namba yake kichwani, ili msomaji aone ni ileile na asijumlishe mara mbili.

Tokeni imeonekana na watu

Mtu kapiga picha ya skrini kuomba msaada na tokeni imo. Yeyote aliyeiona sasa anaweza kuandika kwenye grupu kwa jina la boti yako, na namba atakazoandika zitaaminika. Usisubiri kesho. Nenda kwa BotFather, boti ya Telegram inayosimamia boti nyingine, tuma `/revoke`, chukua tokeni mpya, ibadilishe kila mahali ilipo, kisha tuma "jaribio" na ulione limeingia.

Mtumiaji wa kanzidata ambaye skripti inamtumia apewe ruhusa ya kusoma tu, `GRANT SELECT`, basi. Na majina na namba za simu za wateja wanaodaiwa yasiingie kwenye grupu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na inamhusu mwenye duka pia. Ukiwa hapo, fungua orodha ya wanagrupu pamoja naye, muipitie jina kwa jina. Mara nyingi kuna aliyeacha kazi siku nyingi na bado anasoma mauzo ya kila jioni.